Utaisha, Alisema Daktari

Kiswahili kina herufi moja iliyotaka kuniua, nayo ni u. Ninyi mnaitumia kila siku bila wasiwasi, na mimi niliitumia miaka hamsini na kitu bila kudhurika, mpaka daktari mmoja alipoiweka mbele ya neno na kuniacha niende nayo nyumbani.

Mimi ni fundi cherehani. Nakaa Ujiji, na cherehani yangu iko Mwanga, mtaa wa hapahapa mjini kwetu, kwenye baraza la duka la vitambaa, hatua chache kutoka sokoni. Mambo yalianza kwa mwasho ubavuni, upande wa kushoto. Nikadhani suruali inanibana, nikalegeza mkanda tundu moja. Kesho yake pakawaka moto. Keshokutwa vikatoka vipele vyenye maji, vimejipanga mstari mmoja kama vifungo, kuanzia jirani na kitovu, vikazunguka ubavu wa kushoto mpaka kwenye uti wa mgongo, vikaishia hapo. Upande wa kulia sikuwa na hata kimoja. Mke wangu alipoinua shati langu akaona, alirudi nyuma, na huyu ni Muha wa upande wa Mwandiga, si mwanamke wa kurudi nyuma ovyo.

"Mkanda wa jeshi," alisema.

Basi, kwetu kila mtu anajua habari ya mkanda wa jeshi, hata asiyejua kusoma. Mkanda ukizunguka mwili mpaka ncha zake mbili zikakutana, mwenye nao anakwenda. Uliza nani alikwenda hivyo, hakuna anayemjua, lakini wote wamesikia kwa mtu aliyemjua. Mimi mwenyewe nimewahi kuwasimulia wateja habari hiyo, kwa sauti ya mtu mwenye uhakika, nikiwa na pini mdomoni.

Nikaenda hospitali. Daktari alikuwa kijana mpole, foleni yake imefika mpaka mlangoni. Alitazama ubavu wangu, akanipima na damu, ikawa safi. Hilo nalitaja kwa sababu nawajua. Kisha akainama kuandika dawa, na bila kuinua kichwa akasema, "Usijali, mzee. Utaisha. Wiki mbili tatu hivi. Kunywa maji mengi."

"Ahsante sana, daktari," nikasema.

Nilimshukuru! Nilitoka pale na adabu zangu zote, nikapita getini, na nilipofika kwa waendesha bodaboda ndipo lile neno likanigeuka. Utaisha. Nani? Mkanda utaisha, sawa, hicho ni Kiswahili safi. Lakini wewe utaisha, nacho ni Kiswahili safi vilevile. Nikajaribu kukumbuka alivyolitamka. Mtu akikwambia utapona, anakutazama usoni. Huyu alikuwa anatazama karatasi.

Nyumbani mke wangu alinisubiri mlangoni. "Amesemaje?"

"Amesema utaisha."

"Nani?"

"Ndiyo hapo sasa."

"Hukumuuliza?"

"Nilimwambia ahsante."

Akasema maneno kadhaa ya Kiha. Mimi ni Mmanyema. Baada ya miaka yote hii nakielewa Kiha nusu tu, ile nusu ya matusi, kwa hiyo nilimwelewa vizuri. Alitaka turudi hospitali saa ileile. Nikakataa. Nilimwambia foleni ndefu. Ukweli ni kwamba nilikuwa naogopa jibu, kwa sababu mtu akishakujibu huwezi tena kujidai hukusikia.

Badala yake nikaamua kufanya utafiti. Nina simu ya kisasa, binti yangu aliniletea. Nikanunua bando, nikakaa kwenye cherehani, nikaandika: mkanda wa jeshi unaisha lini. Simu ikafikiri, ikaniletea mikanda. Mikanda ya kijani, mikanda ya kahawia, yenye bizimu la chuma, imara, haiishi upesi. Tena kuanzia hapo, kila nilipofungua simu kutafuta matokeo ya mpira, mkanda unanirukia kwanza. Suruali za mabaka nazo zikafuata.

Kwenye pakiti ya dawa kulikuwa na jina la ugonjwa kwa Kizungu. Nikaliandika hilo herufi kwa herufi, nikaiambia simu inipe Kiswahili. Nilitaka jambo moja tu: mtu akishapata, inachukua muda gani? Jibu likaja, nalo lilinifurahisha sana. Lilisema vikipachikwa vizuri vinadumu miaka mingi, ila nikague baada ya upepo mkali, na nisiruhusu watu watembee juu yake. Miaka mingi! Nikamsomea mke wangu kwa sauti kubwa. Akasema, "Hebu rudia hapo pa upepo." Nikarudia. Akasema, "Na misumari iliyoshika kutu ibadilishwe? Misumari gani?" Tukampigia binti yetu, naye akacheka mpaka simu ikakatika. Alipopiga tena, alieleza kwamba kwa jina lile Wazungu wanaita pia vigae vya paa. Nilikuwa nimesoma maisha ya paa.

Binti ndiye aliyenitumia ukurasa wa kweli, wa Kiswahili, mrefu. Nikausoma wote. Ulisema watu wengi hupona. Nikaona mbona wanaanza na maneno ya kubembeleza, nikashuka chini. Chini kulikuwa na macho kupofuka, mapafu kuvimba, ubongo kuingiliwa. Mbele ya kila balaa waliweka neno nadra, na mimi kila nilipolifikia nililiruka kama dimbwi. Kufikia mwisho wa ukurasa sikuona vizuri, kifua kinanibana, na kichwa kinavuma.

Nikiwa katika hali hiyo, kwa akili zangu timamu, nikaenda kumuuliza mwanajeshi.

Jirani yetu alistaafu jeshi zamani, lakini bado anafagia uwanja wake kwa mistari iliyonyooka. Nikaona mkanda ni wao, lazima anajua kitu. Nilitegemea anicheke. Wapi! Alinisimamisha wima, mikono kichwani, akanizunguka akiwa amekunja uso.

"Adui ameshika upande wote wa kushoto," alisema. "Mbele amefika kitovuni, nyuma amefika mgongoni. Bado hajavuka."

"Atavuka?"

"Anasogea?"

"Sijui. Sioni mgongo wangu."

"Huna taarifa za adui, na unalala usingizi?" Alinishangaa kweli. Akanishauri pia nijipake dawa ya viatu, kwa sababu mkanda wowote wa jeshi ukikosa dawa ya viatu unapasuka. Mke wangu aliposikia hilo alimfuata uwanjani kwake, na sijui walizungumza nini, ila jirani hakulirudia tena.

Lakini lile neno la taarifa lilinikaa kichwani. Ndipo mke wangu alipopata wazo, na ninalisimulia wazo hilo kwa heshima. "Wewe si fundi?" alisema. "Kitu kikitembea kinapimwa. Lete futi."

Basi kila asubuhi, baada ya swala na kabla ya chai, nilisimama katikati ya chumba, shati juu. Yeye alishika ncha ya futi kwenye kipele cha mwisho cha mbele, akaipitisha upande wa kulia, ule mzima, mpaka kwenye kipele cha mwisho cha mgongoni. Ule ndio uliokuwa uwanja uliobaki. Ukipungua, ncha zinakaribiana. Mke wangu ananishonea vifungo na kupinda mapindo tangu tulipooana, futi anaisoma kama mimi. Siku ya kwanza akasema, "Inchi kumi na tisa."

Asubuhi ya pili, "Kumi na tisa." Ya tatu, "Kumi na tisa, vilevile." Siku moja akasema, "Leo kama inataka kufika kumi na tisa na nusu. Umeanza kukimbia, huo!" Akanipiga kofi la bega la kulia, akacheka.

Ningepaswa kufurahi. Nikampelekea jirani taarifa, naye akatikisa kichwa. "Kumi na tisa kila siku? Hasogei kabisa?"

"Hasogei."

"Hapo anajipanga," alisema. "Adui akitulia ndiyo umwogope."

Yaani ukisogea nimekwisha, usiposogea nimekwisha. Chakula kikaanza kunishinda. Ubavu unawaka, dawa ni chungu, na kila nikipeleka tonge mdomoni nakumbuka wiki mbili tatu hivi. Mkanda wangu wa ngozi niliutupa juu ya kabati, kwa sababu haukutaka kukaa juu ya mwenzake. Nikawa natembea na suruali imeshikwa na kitambi tu, na mkono mmoja mfukoni kuizuia isishuke.

Jambo moja nakiri: nyumbani kulikuwa raha. Mke wangu alilainika mpaka nikashangaa. Redio yangu, ambayo ameitukana miaka yote, akaiwekea betri mpya mwenyewe. Nikikoroma, kimya. Nikimwaga majivu ya pasi sakafuni, anafagia bila neno. Na kubwa kuliko yote ni kichwa cha kuhe. Kuhe ni samaki wetu wa hapa ziwani, mkubwa, na kichwa chake kikipikwa kwa mawese, basi. Tangu tuoane, kichwa ni chake. Hakuna mazungumzo. Wakwe wamekuja, mashehe wamekuja, kichwa kimebaki kwake. Sasa katika ugonjwa ule akanunua kuhe tena na tena, na kila mara kichwa akakiweka kwenye sahani yangu, akanitazama. "Kula, mzee. Anza na mashavu." Nilidonoa kidogo nikakirudisha, lakini moyoni nilisema ugonjwa huu una faida zake, laiti ungekuwa hauui.

Wiki ya tatu ilipoingia nikajilazimisha kutoka. Akina mama wanaouza dagaa Kibirizi walikuwa na harusi ya mwenzao, wanataka sare, na walitaka niwapime palepale mwaloni, ufukweni, kwa sababu boti zilikuwa zinaingia. Nikaenda. Dagaa wameanikwa kila mahali, wapagazi wanapiga kelele watu wapishe njia, na mimi katikati yao na futi yangu shingoni. Nikampima wa kwanza vizuri. Wa pili alikuwa mama mrefu, kiongozi wao, mwenye sauti ya kuitia boti. Kumpima bega kulihitaji mikono yangu miwili. Nikasahau, nikautoa ule mkono mfukoni.

Suruali ikashuka. Haikushuka kwa aibu, ilishuka moja kwa moja mpaka kwenye viatu, pale mbele ya soko zima la dagaa, nikabaki na bukta yangu ya mistari niliyojishonea kwa mabaki ya pazia. Halafu Kibirizi ikacheka. Mpagazi mmoja alitua gunia ili acheke vizuri.

Yule mama mrefu alikuwa wa kwanza kunihurumia. Alinitazama tumbo, na kicheko kikamkauka usoni. "Fundi," alisema, "mbona umekwisha hivi?"

Jamani. Hiyo u tena. Lakini hii haikuwa na utata wowote, ilikuwa yangu. Alimaanisha nimekonda. Akaniletea kamba ya kufungia magunia, nikapandisha suruali, na kabla sijafunga, mkono ukafanya kazi uliyoizoea. Nikaizungusha futi kiunoni mwangu mwenyewe, kwa uangalifu, juu ya vidonda vilivyokuwa vimeanza kukauka. Suruali ile niliishona mimi, kiuno inchi thelathini na nane. Futi ikasema thelathini na nne.

Nikaketi juu ya gunia la dagaa la watu.

Hebu nifuateni hapa, ni hesabu ya fundi. Mkanda ulikuwa umeshika nusu ya mzunguko wangu, kushoto. Nusu ya kulia ndiyo tuliyokuwa tunaipima. Mtu wa thelathini na nane, nusu yake ni kumi na tisa, sawa. Mtu wa thelathini na nne, nusu yake ni kumi na saba. Hata vipele visingesogea hata kidogo, mimi mwenyewe nimesinyaa, kwa hiyo ncha lazima zikaribiane. Mkanda hautembei! Ninayetembea ni mimi, naelekea ndani. Maisha yangu yote napunguza suruali za watu waliokonda, na sikujiona mwenyewe. Nilicheka kwa sauti, na akina mama wakadhani aibu imenipanda kichwani.

Kisha kicheko kikakatika. Kumi na saba. Mbona asubuhi ileile niliambiwa kumi na tisa?

Nilipanda bodaboda na kamba yangu kiunoni. Mke wangu alikuwa uani anachambua mchele. Nikamwambia, "Nipime."

"Saa hizi? Si tulipima asubuhi?"

"Nipime tu, mama."

Alinawa mikono, akachukua futi, nikainua shati. Nikasikia ncha imegusa mbele, futi ikapita ubavuni. "Kumi na tisa," alisema. Alisema kabla futi haijafika mgongoni.

Ilipofika, nikapeleka mkono nyuma, nikabana futi kwa kidole pale kidole chake kilipokuwa, nikaivuta mbele yetu wote wawili. "Soma."

Hakusoma. Midomo ilianza kumtetemeka, na mimi sijawahi kuiona midomo hiyo ikitetemeka, hata tulipowazika wazazi wake. Akaketi kwenye kiti cha mbuzi ya kukunia nazi, akaweka ungo wa mchele miguuni.

"Ilianza kupungua lini?" nikauliza.

"Wiki ya kwanza. Nusu inchi. Halafu nusu nyingine."

"Na ukanyamaza."

"Nikwambie nini? Mkanda unakuja? Wewe hata bila kuambiwa ulikuwa huli!"

"Ulikuwa unacheka kila asubuhi."

"Nikishacheka nakwenda chooni," alisema.

Ni kweli alikuwa anakwenda. Alikuwa anakaa huko sana, na mimi nilikuwa nagonga mlango nikimuuliza kama ni maharage. Aliniacha niamini ni maharage. Halafu yote yakanijia kwa pamoja, betri za redio, majivu, kichwa cha kuhe, na nikaelewa kwamba mke wangu alikuwa ananiaga. Kila asubuhi alinipima kifo changu kwa futi yangu mwenyewe, akakiona kinasogea, akaniambia hakisogei, akaenda kulia peke yake kisha akarudi kunipikia chai. Nilimpenda siku ile kwa kiasi ambacho hata sasa kikinijia nakuwa mjinga.

Nikachuchumaa mbele yake na kamba yangu, nikamweleza hesabu. Thelathini na nane, thelathini na nne, nusu, nusu. Alinisikiliza, akanivua shati, akanipima upya kiuno chote yeye mwenyewe, mara mbili. Akafikiri. Kisha akanirushia chembe za mchele usoni.

"Mpumbavu wewe! Ulikuwa unakonda tu?"

"Ninakonda tu."

"Na mimi nikamwambia mwanao ajiandae kuja!" Halafu Kiha kikafuata, ile nusu ninayoielewa.

Kesho yake alinipeleka hospitali akiwa amenishika mkono kama mtoro. Foleni ilifika mlangoni. Tulipoingia, hakusubiri salamu ziishe. "Daktari, ulimwambia huyu utaisha. Ni nani ataisha?"

Kijana wa watu alitutazama mmoja baada ya mwingine mpaka akaelewa. Akaweka kalamu chini, akajifunika uso, mabega yakimtikisika kwa kicheko. Alipojiweza, alituambia mambo taratibu, safari hii akitutazama. Ugonjwa umefuata mshipa wa fahamu, na mshipa huo ni wa upande mmoja, ndiyo maana unasimama katikati. Habari ya ncha kukutana ni maneno ya watu. Vidonda vinakauka, ila maumivu yanaweza kubaki kwa muda, nisiogope. Nile. "Mkanda ndio utaisha, mzee," alisema. "Wewe utabaki."

"Rudia," alisema mke wangu.

Akarudia.

Siku ile mke wangu alipitia sokoni akanunua kuhe mkubwa. Akapika kwa mawese, akasonga ugali wa muhogo, harufu ikajaa mpaka kwa mwanajeshi. Mimi nilikaa mkekani na njaa ya wiki tatu, nimeshajipanga kuanza na mashavu. Akagawa. Nikatazama sahani yangu, kuna kipande cha katikati na mkia.

Kichwa kilikuwa kwake. Alikuwa ameshakifungua, vidole vinang'aa mawese.

"Na kichwa?" nikauliza.

"Kichwa cha nani?" alisema, akaendelea kunyonya mfupa bila kuniangalia.

Nikavuta sahani yangu karibu, nikala mkia wangu. Machozi yakanitoka, nikayafuta kwa kiganja, nikamwambia pilipili imezidi.

"Leo sikutia pilipili," alisema.